Muziki wa Sikio la Dobi

Watu wa kwao walimwita Bi Kinyaa tangu hajamaliza kuota meno, na jina hilo hakusingiziwa. Alikuwa mtoto wa kukataa kikombe kilichoguswa na mdomo wa mwenzake, mtoto wa kuhama kitanda kwa sababu binamu amepiga chafya juu ya mto. Alipokua akawa mtunzi wa muziki, akadhani kazi ya masikio itampumzisha na mambo ya pua na tumbo. Shangazi yake aliyemlea, ambaye sasa Bi Kinyaa ndiye aliyekuwa akimtunza, hakuacha kumwita hivyo hata mbele ya wageni, na wageni nao wakalichukua jina wakaenda nalo kazini.

Siku moja akapigiwa simu na Mkurugenzi wa jumba la makumbusho la chuo cha udaktari. Jumba lilikuwa limefungwa kwa ukarabati, sasa linakaribia kufunguliwa upya, na Mkurugenzi alitaka muziki mpya wa siku hiyo, muziki uliotokana na elimu ya zamani ya sauti na usikivu.

"Tuna chumba kizima cha vyombo vya wataalamu wa kale," alisema. "Njoo uvione, dada. Hutalala."

Ilikuwa miezi mingi Bi Kinyaa hajatunga kitu cha maana. Aliitikia palepale.

Mkurugenzi alikuwa bwana mnene, mchangamfu, mwingi wa vicheko, mwenye tabia ya kulamba kidole kabla ya kugusa chochote, awe anafunua karatasi au anafungua kabati. Bi Kinyaa alikiona kidole kile tangu mlangoni na hakuweza kuacha kukitazama. Lakini vyombo vilikuwa vizuri kweli. Kulikuwa na uma za chuma zilizolazwa kwenye sanduku la mahameli, kila moja ukiigonga inatoa sauti moja tu, isiyo na doa. Kulikuwa na matufe ya shaba yenye tundu, mengine makubwa kama boga, mengine madogo kama limau. Ukiliweka tundu la tufe sikioni, tufe linakaa kimya mpaka ipite sauti yake; hapo ndipo linavuma. Kwa matufe hayo wataalamu wa zamani waligundua kwamba mtu akisema "aaa" hatoi sauti moja. Anatoa rundo la sauti zilizopandana, na masikio yetu yanazifunga kama mzigo wa kuni tukadhani ni kitu kimoja.

Hapo Bi Kinyaa alipata wazo lake. Atawapa waimbaji kila mmoja ukuni wake, sauti yake moja kutoka kwenye tufe moja, na waimbaji wataziweka polepole, moja juu ya nyingine, mpaka wasikilizaji wasikie herufi ikizaliwa bila mtu yeyote kuitamka. Mkurugenzi akampa pembe ndefu ya bati, ya aina waliyoitumia viziwi wa zamani kujiwekea sikioni.

"Jaribu!"

Bi Kinyaa aliigeuza. Kwenye ncha ya kuingia sikioni kulikuwa na ukoko mweusi wa nta, nta ya masikio ya watu waliokufa kabla bibi yake hajazaliwa, umekauka ukawa kama gundi. Akairudisha kwa vidole viwili.

"Nimeshaona."

"Bado hujaona," alisema Mkurugenzi, akalamba kidole, akavuta kitambaa kilichofunika meza ya katikati.

Kilikuwa chombo kidogo cha mbao, kama kinu cha mkono. Juu yake kulikuwa na pembe ya kusemea. Na mwisho wa pembe, limebanwa kwa skrubu mbili, lilikuwapo sikio. Si la udongo wala la nta. Sikio la mtu, la kahawia iliyokolea, limekunjamana kama ndizi iliyokaushwa, pamoja na kipande cha mfupa wa kichwa kilichokatwa kwa msumeno. Kwa nyuma mfupa ulikuwa umechimbwa ukaacha wazi kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotetemeka tunaposikia, na kwenye kijifupa cha ndani ulikuwa umegandishwa unyasi mwembamba. Mtu akisema kwenye pembe, kiwambo kinatetemeka, unyasi unacheza, na ncha yake inachora mstari kwenye kioo kilichopakwa masizi.

"Sikio linaloandika!" alisema Mkurugenzi. "Mwasisi wa chuo hiki alilitengeneza kwa mikono yake. Tazama, hata vinyweleo vipo." Na kwa kidole kilekile, chenye mate, akalipapasa.

Bi Kinyaa alifika chooni kwa bahati tu. Alitapika chai, akatapika mkate, akatapika mpaka kikabaki kitu chungu cha kijani. Aliporudi, Mkurugenzi alikuwa anacheka, si kwa ubaya.

"Wote huwa hivyo mara ya kwanza. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza huanguka kama magunia."

Angekataa kazi siku ile, na mara nyingi baadaye alijiuliza mbona hakukataa. Jibu lilikuwa vile vioo. Vilikuwa vimehifadhiwa kwenye droo, vimefunikwa masizi, na kila kimoja kina mistari myembamba inayopanda na kushuka. Zilikuwa sauti, zimechorwa kabla ya kuwapo santuri wala redio, na hakuna aliyewahi kuzisikia tena. Mtunzi gani angegeuka akaenda zake?

Fundi wake wa sauti aliitwa Waya, mwanamume wa makamo mwenye upara, aliyekuwa akitafuna karanga kuanzia asubuhi mpaka anafunga duka. Bi Kinyaa alifanya naye kazi miaka na miaka akiwa amegeuza uso pembeni. Waya alipiga picha za vioo vile, akaziingiza kwenye kompyuta, akaifundisha kompyuta kuifuata mistari na kuigeuza sauti tena. Kwanza zilitoka kelele tupu, kama mtu anaburuta kabati. Akarekebisha, akatafuna, akarekebisha. Mara chumba kikajaa.

"Aaaa…"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, imetoka mbali sana, kama anaita akiwa ndani ya godoro. Ikafuata "eeee," ikafuata "oooo," ikakatika.

Waya aliacha kutafuna. "Dada," alisema polepole, "huyu ni nani?"

"Mwasisi. Alikuwa anajaribu chombo chake."

"Mwili wangu umesisimka."

Wa Bi Kinyaa pia. Lakini alikuwa ameshasahau sikio, amesahau nta na mate. Alisikia muziki tu. Alirudi nyumbani akafunga mlango wa chumba chake, akatunga kama mtu aliyefunguliwa kamba. Siku ya onyesho, waimbaji wangeijenga ile "aaa" ukuni kwa ukuni, midomo hai, na mwisho kabisa wangenyamaza ili sauti ya kioo ijibu peke yake. Shangazi aliletewa chakula kikiwa kimepoa, akalalamika, akapuuzwa. Muziki ulipokamilika Bi Kinyaa aliusoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, akalia. Alijua hajawahi kutunga kitu kizuri kama kile, na huenda hatatunga tena.

Wiki chache kabla ya ufunguzi Mkurugenzi aliwaalika wafadhili wa jumba kwa chakula cha mchana, na mtunzi akakalishwa karibu naye. Mezani kulikuwa na nyama ya mchuzi. Mkurugenzi alikuwa katika raha yake, mafuta yanang'aa kidevuni, anasimulia habari za Mwasisi.

"Na lile sikio mnajua lilikuwa la nani?" alisema. "La dobi! Mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Mwasisi alikuwa ametazama masikio ya wagonjwa wote, hili lina usaha, hili limetoboka, hakuna linalofaa. Siku moja anapita uani, anamwona dobi anaanika. Akamshika sikio, akaligeuzia kwenye jua, akachungulia ndani. Safi kama kikombe! Basi tangu siku hiyo kila akipita anamshika sikio na kumwambia, 'Mama, hili nimeshaliweka akiba.' Dobi anacheka. Kila siku anashikwa, na kila siku anacheka!"

Meza nzima ikacheka.

"Kisha?" aliuliza mama mmoja wa wafadhili, anajipangusa mdomo.

"Kisha akapata homa ya mapafu. Mwasisi akamtibu mwenyewe, kwa upendo kabisa. Alipokata roho, kabla hajapoa…" Mkurugenzi alitega vidole viwili kama mkasi, akavikutanisha hewani. "Kesho yake asubuhi alikuwa tayari anasema naye. Aaaa! Eeee! Na dobi anaandika! Hiyo ndiyo hadithi nitakayoisimulia siku ya ufunguzi, halafu dada hapa atatupigia muziki wake."

Kipande cha nyama kilikuwa kinywani mwa Bi Kinyaa. Hakikwenda mbele wala hakikurudi nyuma. Alikitema kwenye kitambaa, akakikunja kitambaa, akakishika mkononi kwa kuwa hakujua pa kukiweka. Hakuwa anaona sikio tena. Alikuwa anaona mwanamke amesimama na shuka bichi mikononi, mikono yote miwili imejaa, hawezi kujikinga, na bwana mkubwa anamchungulia sikioni mbele ya wenzake. Angefanya nini zaidi ya kucheka? Na ile "aaa" iliyomliza yeye, Bi Kinyaa, ilikuwa sauti ya bwana huyohuyo. Amemkata mtu, kisha akaleta mdomo wake kwenye sikio lile na kumsemesha.

Aliondoka mezani bila kuaga.

Nyumbani alimkuta shangazi amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinamisha kichwa upande, kitambaa kimelowa shingoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha kwa miezi kadhaa, na muuguzi wa jirani ndiye aliyekuwa akija kulisafisha, maana mwana wa kulea hakuwahi kuthubutu. Siku ile jirani alikuwa amesafiri.

"Usijisumbue," alisema shangazi kwa sauti ya juu, kama wasemavyo wasiosikia vizuri. "Nitakaa hivihivi mpaka arudi. Utanitapikia bure."

Bi Kinyaa alinawa mikono, akachukua pamba na maji ya uvuguvugu. Ilinuka. Ilikuwa njano na nzito, na pamba ya kwanza ilipotoka alisimama akashika ukuta, akajikaza kisabuni, akaendelea. Pamba ya pili ikatoka, ya tatu ikatoka na damu kidogo. Aliona ajabu moja. Uchafu ule ulikuwa na mwisho: ukishafuta, umefuta, ukinawa, umenawa. Wa mezani hakujua angeunawa na nini.

Alimsimulia shangazi yote, akipaza sauti kwenye sikio zima. Mama mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Ndugu zake walijua kwamba wamezika pungufu?"

"Mkurugenzi anasema hakuwa na mtu."

"Mpumbavu huyo. Dobi wa hospitali akose mtu! Hawakumtafuta tu." Akapapasa pamba iliyokuwa imebaki sikioni. "Na wewe umeshatunga?"

"Nimeshatunga."

"Ni mzuri?"

"Ni mzuri sana, shangazi. Ndiyo maana najichukia."

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi na kumwambia sikio lile lizikwe, la sivyo anaondoa muziki wake. Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyegoma kuoga.

"Dada, hiyo ni mali ya chuo. Isitoshe ni historia. Tukizika kila kitu kilichopatikana vibaya, jumba hili litabaki na madirisha tu."

"Basi usiisimulie ile hadithi kama kichekesho."

"Lakini inachekesha! Mwenyewe alikuwa anacheka!" Akalamba kidole, akafunua mkataba. "Na muziki umeshatukabidhi. Ukija utauongoza wewe, usipokuja ataongoza mwingine."

Aliamua kwenda.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa pomoni. Katikati ya jukwaa, ndani ya duara la taa, walikuwa wamekiweka chombo, na nyuma yake kitambaa kikubwa cheupe cha kuonyeshea unyasi ukicheza. Waya alikuwa ameambiwa aunganishe spika kwenye mdomo wa pembe, ili sauti ya Mwasisi ipite tena katika sikio lilelile. Mkurugenzi alisimulia hadithi yake, akatega vidole viwili kama mkasi, watu wakacheka alipotaka wacheke. Kisha Bi Kinyaa akapanda.

Waimbaji walianza. Ukuni wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakanyamaza kimya cha kweli, si cha adabu. Herufi ilianza kuumbika hewani bila mwenyewe, na Bi Kinyaa, aliyekuwa amekuja na hasira zake zote, aliuhisi uzuri wake ukimpanda mgongoni, akauchukia na kuupenda kwa wakati mmoja. Pakafika mahali pa kunyamaza. Waimbaji wakanyamaza. Sasa ilikuwa zamu ya spika.

Hakutoa ishara. Alishusha mikono, akageuka akawatazama watu.

"Hapa mlikuwa msikie sauti ya daktari," alisema. "Mimi sitaipiga. Yule mama hakuwa anacheka kwa sababu inachekesha. Alikuwa anacheka kwa sababu mikono yake ilikuwa na mashuka na huyo alikuwa bwana wake. Nimeutunga muziki huu kwa sikio lake bila kuuliza. Nasema haya nikiwa na aibu."

Mkurugenzi, anatabasamu kwa meno yote, alimpungia Waya mkono: washa! Waya alikuwa amesimama penye mitambo yake, mikono kifuani. Alichomoa plagi, akaiinua juu ili ionekane, akaiweka mezani.

Hapo Mkurugenzi alipanda jukwaani mwenyewe. Huenda hakutaka aibu, huenda aliona anaokoa sherehe. "Msijali, wageni wetu! Mwasisi naye hakuwa na umeme!" Akaisogeza spika kando, akauzingira mdomo wa pembe kwa midomo yake, akavuta pumzi kwa nguvu, akanguruma: "AAAA!"

Kwenye kitambaa cheupe watu wote waliona. Unyasi uliruka mara moja, kisha kiwambo kikapasuka kwa mlio mdogo, kama jani kavu linalokanyagwa. Mkurugenzi hakuelewa; alivuta pumzi tena palepale, mdomo ungali kwenye pembe, ili apige kelele ya pili. Vumbi likatoka. Vumbi la kahawia, laini kama la tumbaku, likampanda kinywani. Alisimama ghafla, ametoa macho, anajipangusa ulimi kwa kiganja. Kipande kidogo cha ngozi kilikuwa kimemganda mdomo wa chini, naye alikuwa anakitafuta kwa ulimi.

Yule mama mfadhili wa siku ile ya nyama ndiye aliyetangulia kutapika. Wakafuata wengine wa safu ya mbele. Waliobaki waliukimbilia mlango, wamejiziba midomo, wanakanyagana. Bi Kinyaa, mwenye tumbo jepesi kuliko wote, alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza maishani tumbo lake lilikuwa shwari kabisa.

Baraza la chuo lilikutana. Lilijadili chombo, likaamua kwamba kwa kuwa kimeharibika hakina faida tena kwa elimu, sehemu iliyobaki ya sikio inaweza kuzikwa. Kwa kuwa kimeharibika! Bi Kinyaa alipoisikia sababu hiyo alitaka kuvunja simu.

Wakazika makaburini nyuma ya hospitali, kwenye kishimo ambacho mtu angeweza kukichimba kwa kijiko. Walikuwapo Bi Kinyaa, shangazi yake, Waya, na wanawake wanne wa chumba cha kufulia nguo, ambao hakuna aliyewaalika. Walikuja na aproni zao, wakasimama upande mmoja bila kusema. Mkurugenzi alikuja na mpiga picha. Alisoma hotuba kuhusu heshima, kuhusu utu, kuhusu chuo kinavyowathamini wafanyakazi wake wa ngazi zote.

"Bado hajamaliza?" aliuliza shangazi, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona.

Mmoja wa madobi aliguna. Mkurugenzi aliruka ukurasa mzima.

Baada ya kufukia, alimvuta Bi Kinyaa pembeni. Alisema watu bado wanauzungumzia ule muziki, hasa pale mwanzoni, na kwamba, mambo yakishatulia, wangeweza kuupiga tena kwa kumbukumbu ya huyo mama. Alikuwa amelamba kidole, tayari anafungua shajara ya kuandikia tarehe. Bi Kinyaa alimwacha anaongea na kivuli chake.

Dukani, Waya aliketi mbele ya kompyuta. "Niifute ile sauti, pamoja na picha za vioo?"

"Futa."

"Una hakika, dada? Nje ya vile vioo hakuna nyingine duniani. Nikibonyeza, imekwenda."

Alikuwa na hamu ya kusema basi nisikie mara moja tu, ya mwisho. Hamu ile ilimtia kinyaa kuliko yote aliyowahi kuyaona chooni, mezani au kwenye pamba. "Futa," alisema tena, na Waya akabonyeza. Nota zake mwenyewe alizichana, lakini nakala aliyoikabidhi na vioo vilibaki kwenye droo ya chuo, naye hakuwa na ufunguo.

Jioni alikuwa jikoni anaosha vyombo, shangazi anasinzia sebuleni. Maji yalikuwa ya moto, sabuni ilitoa povu zuri, na akili yake ilikuwa mbali. Alikuja kushtuka anaimba. Alikuwa anaimba polepole, mdomo umefunguka nusu: aaaa, eeee, oooo, kwa sauti ileile, kwa kupanda na kushuka kulekule. Alitema mate kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho.